Ndege Ikiwa Bado Ardhini: Hatari za Lami ya Port Reitz na Watu Wanaozizuia

Ndege kutoka Nairobi ikishagusa lami ya Port Reitz, uwanja wa ndege wa Mombasa, kabla hata ngurumo ya injini haijatulia, utasikia mikanda ikifunguliwa kwenye viti vyote. Simu zinawashwa. Mmoja keshasimama kuwahi begi lake, mwingine anamwambia dereva wa teksi asogee karibu na geti. Mhudumu anawaomba watu wakae, anaomba tena, anasikilizwa na wachache. Kwa abiria wengi safari imekwisha magurudumu yalipotua, na kilichobaki ni foleni tu.

Kwa rubani haijaisha. Anaendesha chombo cha makumi ya tani kilichoundwa kwa ajili ya anga, na sasa anakitembeza kwa magurudumu, mafuta yakiwa bado yamo ndani ya mabawa na injini zikiwa zinazunguka. Boeing 737-800 ina upana wa karibu mita 36 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Boeing 787-8, ambayo Kenya Airways imekuwa ikiitumia tangu mwaka 2014, ina upana wa mita 60. Katika ndege nyingi kubwa rubani akiwa kitini pake haoni ncha za mabawa yake mwenyewe. Mbele yake kuna mistari ya manjano, magari ya mizigo, malori ya mafuta, gari la maji taka, trekta za kusukumia ndege, na binadamu wanaokwenda kwa miguu. Angani ndege mbili zilizo kwenye kimo kimoja hutenganishwa kwa kilomita. Hapa chini hutenganishwa kwa mita.

Kipande hiki cha safari hatukizungumzii. Nakileta leo kwa sababu usalama wake uko mikononi mwa watu tunaopanda nao matatu asubuhi kutoka Magongo, Chaani, Mikindani na Miritini, na kwa sababu naamini kuna kitu kimoja wanachokihitaji kuliko koti linalong'aa na vizibo vya masikio, nacho ni haki ya kusema bila kuogopa kufukuzwa.

Uwanja wenyewe ulianza wakati wa Vita Vikuu vya Pili kama kituo cha ndege za kijeshi, kwenye bara la Changamwe juu ya hori la Port Reitz. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukapanuliwa hadi kiwango cha kimataifa na kupewa jina la Daniel arap Moi. Una barabara mbili za kurukia. Ile kuu ina urefu wa mita 3,350 na ncha zake huitwa 03 na 21, namba zinazotokana na nyuzi za dira. Ndege hupenda kutua na kuruka zikiukabili upepo, kwa hiyo kaskazi ikivuma ncha moja ndiyo hupata kazi zaidi, na kusi likiingia kazi huhamia ncha ya pili. Pepo zilezile zilizopanga misimu ya majahazi ya Mombasa zinapanga mpaka leo ndege itembee upande gani baada ya kutoka kwenye maegesho, ipite wapi, na isimame wapi kungoja zamu yake.

Hapo kwenye kungoja ndipo pana mpaka muhimu kuliko yote uwanjani. Kila njia inayoingia kwenye barabara ya kurukia imechorwa mistari minne ya manjano, miwili mizima na miwili ya kukatikakatika, pamoja na kibao chekundu chenye namba nyeupe. Rubani akiifikia upande wa ile mizima hasogezi gurudumu mpaka mnara wa kuongozea ndege umruhusu, tena akishaambiwa lazima airudie amri ile kwa kinywa chake ili mnara usikie alichokisikia yeye. Mvua za masika zikipiga mwezi wa Mei, lami ikajaa maji na taa za usiku zikaanza kumeta kila upande, mistari hiyo huwa migumu kuonekana. Ndiyo maana kurudia amri kwa sauti si adabu tu ya redioni.

Aliyewahi kupita kwenye yadi za Changamwe ameona trela la kontena likirudi nyuma. Dereva haoni mkia wa gari lake. Utingo anajiweka mahali anapoonekana kwenye kioo, anapiga bodi kwa kiganja na kuita: rudi, rudi, kata kulia, simama! Kisha anachomeka jiwe chini ya gurudumu. Ndege nayo ina watu wa kazi hiyo. Aliye mbele anasimama mwisho wa mstari wa manjano, vijiti vya rangi ya machungwa mkononi. Anakunja na kukunjua mikono kuelekea kichwani, maana yake njoo. Ikibidi kukata kona, mkono mmoja unanyooka kando ukitulia na ule mwingine unaendelea kuita. Gurudumu la pua likikaribia alama, mikono inapungua kasi, halafu vijiti vinapishana juu ya kichwa. Simama. Rubani anaonyesha kiganja kilichofunguliwa, anakifumba ngumi: breki imeshika. Ndipo vizuio vinaingizwa mbele na nyuma ya magurudumu. Palipo finyu kuna wengine wawili kwenye ncha za mabawa, kazi yao ni kutazama pengo tu, na yeyote kati yao akipishanisha mikono ndege inasimama, hata kama wa mbele bado anaita.

Hiyo ya mwisho niirudie. Kijana wa kazi mwenye koti la manjano anaweza kusimamisha ndege yenye abiria 150 kwa kupishanisha mikono yake, na nahodha mwenye mistari minne begani atatii kwanza na kuuliza baadaye. Ni vigumu kupata mahali pengine katika nchi hii ambapo mtu wa chini amepewa nguvu kama hiyo juu ya mkubwa.

Chini ya tumbo la ndege kuna taa nyekundu inayowaka na kuzima. Ikiwa inawaka, injini zinazunguka au zinakaribia kuwashwa, na mtu haisogelei ndege. Katika 737 injini zimekaa chini sana, mdomo wake uko karibu na kimo cha mtu. Hata zikiwa zinazunguka polepole, eneo la kama mita 3 mbele ya mdomo huo ni la kuogopwa, na nyuma yake upepo wa moto hufika makumi ya mita na huweza kusukuma toroli la mizigo au mtu. Tarehe 31 Desemba 2022, katika uwanja wa Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, mfanyakazi wa maegesho alivutwa na injini ya Embraer 175, ndugu mdogo wa Embraer 190 tunazoziona hapa kila siku. Mtambo mdogo wa umeme wa ndege ile ulikuwa mbovu, kwa hiyo injini moja iliachwa ikizunguka mpaka ndege iunganishwe na umeme wa ardhini. Uchunguzi ulionyesha kwamba wafanyakazi walikuwa wamekumbushwa hatari hiyo kwenye kikao kifupi muda mchache tu kabla ndege haijaingia. Kikao kilifanyika na maisha yalipotea vilevile. Mtu anayefanya jambo lilelile kila siku, kelele zikimzidi na saa zikimkimbiza, miguu yake humpeleka mahali akili yake ingekataa.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Kwenye ndege za propela, kama zile Dash 8-400 za Jambojet, kila injini ina pangaboi la mabapa 6 lenye kipenyo cha mita 4 na zaidi. Likizunguka kwa kasi halionekani, unaona kivuli tu na mandhari ya ng'ambo. Wale wafanyakazi wanaopanga koni na kukuelekeza upite huku usipite kule hawakusumbui. Mama anayeshika mkono wa mtoto wake badala ya simu akitembea kwenye lami anafanya kazi ya usalama bila kulipwa.

Wakazi wa Mombasa wakisikia habari za usalama wa uwanja wao, wengi hukumbuka asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002. Siku hiyo ndege ya Arkia, Boeing 757 iliyokuwa ikielekea Tel Aviv, ilirushiwa makombora mawili mara tu ilipopaa kutoka Moi, na yote mawili yakaikosa. Wakati huohuo hoteli ya Paradise kule Kikambala ilikuwa ikilipuliwa. Tangu hapo ukaguzi umekuwa mkali, mizigo inapita mashineni, mikanda ya suruali inavuliwa. Hilo lilihitajika na silipingi. Ila limetufanya tumtazame zaidi adui anayetoka nje ya ua, hali ndani ya ua kuna bolti iliyodondoka, kuna ukungu wa uchovu, kuna amri ya redio iliyosikika nusu. Vitu hivi vimeua watu wengi na wala havikuhitaji adui.

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya ndege za abiria ilitokea ardhini. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili ziligongana na watu 583 wakafa. Bomu lilikuwa limelipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani, ndege nyingi zikaelekezwa Tenerife, na maegesho yakafurika hata njia za kawaida zikazibwa. Ikabidi ndege zitembee ndani ya barabara ya kurukia yenyewe. Ukungu ukashuka. Ndege ya Pan Am ikawa inatafuta njia ya kutokea, huku ile ya KLM imegeuka upande wa pili ikiwa tayari kuruka. Nahodha wa KLM, mmoja wa walimu wakuu wa marubani wa kampuni yake, aliyachukua maelekezo ya njia ya angani kuwa ndiyo ruhusa ya kuruka. Mnara na Pan Am wakazungumza kwa wakati mmoja, na ndani ya KLM ikasikika milio ya kukwaruza tu. Injinia wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani, aliuliza kama yule Pan Am bado hajatoka. Akajibiwa kuwa ametoka. Hakuuliza tena.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ukungu na lugha. Kwangu uzito uko kwenye kunyamaza kwa yule injinia. Alikuwa amelitambua tatizo. Alikuwa na sekunde za kulisema tena kwa sauti kubwa zaidi. Mbele yake alikaa mkubwa ambaye picha yake ilikuwa kwenye matangazo ya kampuni. Baada ya Tenerife mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wadogo namna ya kumpinga mkubwa, na wakubwa namna ya kupingwa, na mafunzo hayo yameokoa roho nyingi. Lakini yalianzia ndani ya chumba cha rubani, na yamechelewa kuwafikia walio chini kwenye lami.

Wala tusijidanganye kwamba hayo ni ya zamani. Tarehe 2 Januari 2024, uwanjani Haneda, Tokyo, ndege ndogo ya walinzi wa pwani iliyokuwa ikipeleka misaada kwa walioathiriwa na tetemeko la Noto iliambiwa ni ya kwanza kwenye foleni na isogee mpaka mstari wa kungojea. Ikaupita mstari, ikaingia kwenye barabara ya kurukia na kusimama pale kwa takriban sekunde 40. Airbus A350 ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watu 5 kati ya 6 wa ndege ya walinzi wa pwani walikufa. Ndani ya Airbus walikuwemo 379, na wote walitoka salama huku ndege ikiteketea. Kwenye skrini ya mnara tahadhari ilikuwa imejitokeza, ila hakuna aliyeiona. Na abiria wale waliacha mizigo yao. Mabegi yaliungua, watu wakapona. Nawaza yale mabegi tunayoyawahi Port Reitz ndege ikiwa bado inatembea, na nawaza itakuwaje siku mlango wa dharura ukifunguliwa kwa kweli.

Afrika Mashariki tuna kisa chetu wenyewe, na inasikitisha kwamba vijana wanaoingia kazi za uwanja leo hawajakisikia. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na baadaye kumilikiwa na Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja hadi liliposambaratika mwaka 1977, lilikuwa na ndege za fahari aina ya Super VC10 kwa safari za Ulaya. Tarehe 18 Aprili 1972, moja yao yenye usajili wa Uganda, 5X-UVA, ilitoka Nairobi kwenda London kupitia Addis Ababa na Rome. Ilikuwa na abiria 96 na wafanyakazi 11.

Asubuhi ile, kabla ya VC10 kufika kwenye mwanzo wa barabara ya kurukia pale Addis Ababa, ndege ndogo aina ya Cessna 185 ilikuwa imepita. Ikadondosha kipande cha chuma. Kilikuwa kile kidude kinachofungwa chini ya ndege ili jeki ipate mahali pa kushika mafundi wanapoinua, kitu cha kutoshea mkononi. Hakuna aliyekiona. VC10 ikaongeza mwendo, gurudumu la pua likakikanyaga, tairi likapasuka na ndege ikaanza kutetemeka. Nahodha akaamua kutoruka, akashika breki.

Breki zikashindwa, kwa sababu nyuma ya kosa la kwanza lilijificha la pili. Wachunguzi waligundua kwamba siku fulani, kwenye karakana, sehemu za mfumo wa breki zilikuwa zimefunguliwa na kurudishwa vibaya. Ndege ilikuwa ikiruka na kutua hivyo bila yeyote kujua, kwa sababu siku ya kawaida breki haihitaji nguvu zake zote. Siku iliyozihitaji, hazikuwepo. VC10 ilipita mwisho wa lami, ikaporomoka kwenye mteremko ulioko mbele ya uwanja, ikavunjika na kuwaka moto. Watu 43 walikufa.

Chuma cha ukubwa wa kiganja kwenye lami, na fundi aliyerudisha kitu kinyume. Hapakuwa na dhoruba wala rubani mlevi. Mtu aliyekifunga kile kidude cha jeki vibaya, ama aliyesahau kukifungua baada ya kazi, pengine alikwenda kula chakula chake cha mchana akiwa na amani kabisa. Miaka 28 baadaye, tarehe 25 Julai 2000, ukanda wa chuma uliodondoka kwenye ndege nyingine ulipasua tairi la Concorde pale Paris, na watu 113 wakafa, 4 kati yao wakiwa hotelini chini. Dunia nzima ikashtuka, na vyombo vya habari vikauliza inawezekanaje kitu kidogo hivyo kiangushe ndege. Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam walikuwa na jibu tangu 1972.

Ndiyo sababu viwanjani hufanyika ile kazi ya kutembea safu kwa safu, watu wameinamisha macho, wakiokota. Wanaokota skrubu, vipande vya mkanda wa sanduku, gurudumu la begi lililong'oka, kokoto, chupa. Mombasa ina upepo wa bahari ambao hausiti kupeleka takataka ya Magongo hadi ndani ya ua, na nadhani marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 28 Agosti 2017 iliwafaa watu wa viwanja vya ndege kuliko ilivyowahi kusemwa. Kunguru nao hufuata mabaki ya chakula. Kila anayeshusha mlima wa taka kando ya ua wa uwanja anawakaribisha ndege wenye manyoya kwenye njia ya ndege za chuma.

Sasa nije kwenye lile lililonisukuma kuandika.

Tarehe 26 Desemba 2005, huko Seattle, Marekani, mfanyakazi aliyekuwa akiendesha gari la mizigo aliigonga MD-83 ya Alaska Airlines kwenye ubavu. Hakusema wakati ule. Ndege ikaondoka na abiria 140 kuelekea Burbank. Ilipofika kama futi 26,000, pale palipobonyea pakapasuka, tundu la karibu sentimita 30 likafunguka, hewa ikatoka ndani kwa kishindo na vinyago vya oksijeni vikaanguka. Marubani walishuka haraka, wakarudi Seattle, na kwa rehema hakuna aliyekufa. Baada ya ndege kurudi ndipo yule mfanyakazi alipokiri.

Ndege ile ilikuwa ya alumini. Alumini ikigongwa hubonyea, na mtu mwenye macho akiizunguka ataona. Ndege za kizazi kipya kama 787 zimejengwa kwa sehemu kubwa kwa nyuzi za kaboni zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka. Zina nguvu na hazishiki kutu, ila zina tabia moja inayopaswa kutukosesha usingizi: pigo linaweza kuachanisha matabaka ya ndani na ngozi ya nje ikabaki karibu kama ilivyokuwa. Rubani akizunguka na tochi huenda asione kitu. Anayejua kwamba pana kasoro ni mtu mmoja, yule aliyekuwa kwenye usukani wa gari lililogusa.

Huyo mtu ni nani? Kazi za mizigo, usafi na kusukuma ndege mara nyingi hufanywa na makampuni ya huduma, na wengi wa wanaoajiriwa humo hawana hakika ya mkataba wa mwaka unaofuata. Jitie mahali pake. Saa kumi usiku, ndege imechelewa, msimamizi anapiga kelele kwenye redio. Mkanda wa kupakilia mizigo umegusa mlango wa shehena, mguso mdogo, hata mkwaruzo hauonekani sawasawa. Nyumbani kuna kodi ya chumba Bokole na karo ya muhula wa pili. Akisema, ndege itasimama, wahandisi wataitwa, abiria watalalamika, na yeye ataulizwa jina lake kwanza kabla ya kuulizwa palipoguswa. Akinyamaza, huenda lisitokee lolote.

Tukimwadhibu kwa kusema, tumemfundisha kunyamaza, pamoja na wenzake wote waliokuwa wakitazama.

Wamarekani walilijifunza hili kwa damu. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA iligonga mlima karibu na Washington na kuua watu 92. Ikaja kugundulika kwamba wiki 6 kabla, marubani wa United walikuwa nusura wafanye kosa lilelile mahali palepale, na walikuwa wamelieleza ndani ya kampuni yao. Onyo halikuvuka kwenda TWA. Mwaka 1976 ukaanzishwa utaratibu wa taifa zima wa kupokea taarifa za makosa. Waliwekwa wasimamizi ambao si wenye mamlaka ya kufuta leseni, yaani shirika la anga za juu la NASA, na majina ya wanaotoa taarifa huondolewa. Rubani, fundi, mwongoza ndege, mhudumu, mpakia mizigo, yeyote anaweza kuandika: nilikosea hivi, kwa sababu hii. Utaratibu haumlindi mlevi wala aliyefanya kusudi. Unamlinda mtu aliyeteleza akiwa kazini na akawa na moyo wa kusema.

Kanuni za kimataifa tunazozifuata zinakubaliana na hilo. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinasema wazi kwamba lengo la kuchunguza ajali ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama. Kiambatisho cha 19, kilichoanza kutumika mwaka 2013, kinataka kila nchi iwe na njia za kukusanya taarifa za hatari kabla hazijazaa maafa. Kenya ina Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ina Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, ina idara ya kuchunguza ajali za ndege. Vyombo tunavyo. Ninachokiomba ni vifike kwa mtu wa mwisho kabisa kwenye lami ya Port Reitz, kwa lugha anayoitumia.

Kwa maana redio ya rubani na mnara ni ya Kiingereza, na ni sawa iwe hivyo, dunia nzima imekubaliana. Lakini mtu akitaka kumwonya mwenziwe asipite nyuma ya injini hapa Mombasa, atapiga kelele kwa Kiswahili. Chini ya bawa la ndege, kati ya dereva wa trekta na mpakia mizigo, Kiswahili ndicho cha dharura. Basi fomu ya kuripoti mguso, mafunzo ya mwaka, bango la kuonyesha eneo la hatari la injini, vyote viwepo kwa Kiswahili safi. Mtu asiache kuripoti kwa kuona haya ya kuandika sentensi ya Kiingereza itakayosomwa na wakubwa.

Na zaidi ya fomu, kuna mkataba wa kazi. Kila kampuni inayopewa kibali cha kuhudumia ndege pale Moi itakiwe kuandika, kwenye karatasi ileile inayotaja mshahara, kwamba mfanyakazi aliyeripoti mwenyewe kosa la bahati mbaya hafukuzwi wala hakatwi pesa kwa kosa hilo. Kifungu hicho kikaguliwe kama zinavyokaguliwa breki za trekta. Kampuni itakayoshindwa isiongezewe kibali. Usimamizi wa uwanja nao uchapishe kila mwaka idadi ya miguso iliyoripotiwa, bila majina. Mwaka wa kwanza namba itapanda, magazeti yatauliza maswali na kuna bosi atakayetaka kuificha. Asiruhusiwe, kwa sababu namba hiyo ikipanda ni dalili kwamba watu wa Changamwe wameanza kusema.